Uzi: Nani mwingine alinyeshewa kempu akiwa kijana? Leteni stori

MtuWaRock
Wakuu habari za jioni. Leo nilikuwa kwa mama yangu huko Tororo namsaidia kutoa vitu stoo maana paa linavuja, nikakuta sahani ya bati, zile nyeupe zenye ukingo wa bluu, imechubuka pembeni na kwa chini imekwaruzwakwaruzwa na msumari. Mama anaapa hajawahi kununua sahani kama hiyo, anasema niliirudisha kutoka kempu ya skauti na yangu nikaipoteza hukohuko. Basi nikakaa juu ya gunia nikaanza kucheka peke yangu hadi mama akauliza kama niko sawa.

Ilikuwa Agosti 1998, likizo. Vijana thelathini na wawili, kiongozi mmoja na msaidizi wake, tulipata lifti ya lori lililokuwa linapeleka simenti Mbale, tukakaa juu ya mifuko, kufika pale kila mtu ni mzimu, mweupe mpaka kope. Alafu tukapanda Wanale kwa miguu. Kwa wasioijua, Wanale ni ule ukuta wa mwamba umesimama juu ya mji wa Mbale, ni kama mguu wa mlima Elgon umenyooshwa huku upande wa magharibi, mvua ikinyesha unaona maji yanateremka kwenye mwamba nyuzi nyuzi, meupe, utadhani mtu kamwaga maziwa. Ukiwa chini mjini unakunywa chai unasema jamani pazuri. Ukiwa juu kule, maziwa yanamwagwa juu yako.

Tulikuwa na mahema matano ya turubai, ya kijani, mazito kama dhambi, yananuka mafuta ya taa na mkojo wa panya, kamba zake zilikuwa za katani. Tukayasimamisha kando ya shamba la kahawa la mama mmoja aliyekubali. Siku ya kwanza jua, tukaimba, tukala posho, yaani ugali, na maharagwe, raha. Siku ya pili jioni mawingu yakaanza kushuka kutoka juu mlimani, meusi, halafu kimya, hata wale wadudu wakanyamaza.

Sasa tulikuwa na kijana mmoja mwembamba sana tulimwita Mukene, kama hao samaki wadogo, Wakenya mnawaita omena. Mtu kimya, hagombani na mtu. Wote tumeshaingia ndani, yeye anatoka nje na tochi anaanza kuzunguka mahema akigusagusa kamba. Analegeza huku, analegeza kule. Tukamuuliza we unafanya nini, akasema tu "zitakaza". Zitakaza nini, hasemi. Akaenda hema la kwanza, la pili, akamaliza manne, kufika kwetu sisi tukamfukuza, tukajua huyu anataka hema lituangukie asubuhi atucheke. Mmoja wetu alimrushia kiatu.

Mvua ikaja kama saa tano. Banange. Nimenyeshewa maishani lakini ile ilikuwa inatupigia ngoma. Mnajua turubai la zamani likilowa halivuji mradi usiliguse kwa ndani? Sasa kuna mwenzetu aliona tone limening'inia juu ya uso wake, akaligusa na kidole alitoe, na pale alipogusa maji yakapata njia, akasogeza kidole maji yakafuata kidole, akachora mstari hadi ukutani akidhani anayaelekeza, tukawa na mfereji ndani ya hema. Tukampiga makofi gizani, sijui hata tulimpiga nani.

Kwenye saa nane usiku tukasikia puu. Kigingi kimetoka. Alafu puu tena. Puu puu puu, kama mtu anafungua soda za harusi. Hema likatulalia lote. Turubai lililolowa msilichukulie mchezo, vijana sita tuko chini hatuwezi kuinuka, mmoja anasali Salamu Maria, mwingine anamwita mama yake kwa Kijapadhola, na mwingine anacheka mpaka pumzi imekata, huyo anayecheka ni mimi.

Tulitoka kwa kutambaa, tukakimbilia jikoni kwa yule mama wa kahawa. Hakuuliza kitu. Alichochea moto, akatupanga kuzunguka mafiga kama mahindi ya kuchoma, akatupashia malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kwenye mchuzi wa karanga. Nimekula hoteli kubwa hapa Kampala na sijaonja kitu kama kile. Nadhani hii sahani ndo niliyolia malewa siku ile.

Kulipokucha, mahema manne yamesimama kama hakuna kilichotokea, letu peke yake liko chini kwenye tope. Hukumu ikatoka palepale: Mukene katuloga. Akapewa adhabu ya kuosha sufuria zote mpaka kempu iishe. Na hadi leo nikikutana na wale jamaa tunasema Mukene mchawi, tunacheka.

Haya, nyinyi mlinyeshewa wapi?

Mama_Swabra
Umenikumbusha mbali ndugu yangu 😂😂 Mimi ni wa Bombo, nilikuwa kwenye Girl Guides. Na kabla sijaendelea, kaka zangu walikuwa wananiita gaidi. Jirani alikuja kumuuliza baba "nasikia binti yako ameingia magaidi na wanakaa porini na mahema?" Baba alilazimika kumwonyesha yunifomu.

Sisi tulilala Kaazi, kule kwa maskauti kando ya ziwa Victoria baada ya Busabala. Mvua ya kule haina adabu, inakuja saa kumi na moja alfajiri wakati usingizi ndo mtamu. Zamu ya kupika ilikuwa yetu, kuni zote zimelowa, kalitunsi mbichi, mikaratusi ile, unapuliza mpaka unaona nyota na moto hauwaki, moshi tu. Kukawa na mama mpishi, mtu mzima wa Masaka, akatuangalia tukihangaika, akaenda kwenye migomba akachomoa sanja, majani makavu yale yanayoning'inia kwenye shina, akatoa yale ya ndani kabisa ambayo mvua haijafika, akayakunja kiganjani kama anakunja chapati, akaweka na kipande cha mshumaa. Kiberiti kimoja tu. Mpaka leo umeme ukikatika na makaa yakinisumbua nafanya vile.

Ila posho yenyewe ilikuwa mbichi katikati. Tulikula hivohivo.

BabaTwins_Kla
Hajati hapo kwenye saa kumi na moja umesema kweli na kuna sababu. Mchana nchi kavu inapata moto upepo unatoka ziwani kuja huku. Usiku inageuka, nchi inapoa maji bado yana joto, pepo zinatoka pande zote kuelekea ziwani zinakutana katikati, hewa inapanda, mawingu yanajengeka usiku kucha juu ya maji. Kukaribia asubuhi ile mvua inasogea huku pwani. Ndo maana Entebbe na Kaazi mnaamshwa na ngurumo wakati mtu wa Mityana bado anakoroma. Wavuvi wanaijua hii kuliko mtu yeyote, inawaua kila mwaka.

MtuWaRock hiyo sahani chini kumechorwa nini? Isije ikawa alama za njia za skauti. Kama ni duara na nukta katikati hiyo maana yake nimekwenda nyumbani, ndo iko kwenye kaburi la Baden-Powell pale Nyeri alikozikwa 1941.

MtuWaRock
@BabaTwins_Kla hapana sio duara, ni mistari imepindapinda tu kama mtoto alikuwa anajaribu msumari. Nilitaka kuweka picha inakataa, bando langu la leo ni la huruma.

Sitaki_Baridi
Mimi sielewi nyinyi watu. Mlilipa hela mkalale kwenye tope mkale posho mbichi na leo mnaita kumbukumbu nzuri. Mimi nilienda kempu moja tu ya vijana wa kanisa, Kabale, karibu na ziwa Bunyonyi. Hakuna aliyeniambia Kabale ni baridi. Mimi mtoto wa Soroti nimebeba shuka moja na kaptula mbili. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, ile nyembamba isiyoisha, soksi zangu zilikuwa zinaota kitu cha kijani. Usiku nilivaa nguo zote nilizokuja nazo pamoja na kaveera, mfuko wa plastiki wa mkate, kila mguu.

Nilirudi na nimonia. Jina langu humu mnaliona.

Mama_Swabra
Kaveera ya mkate 😭😭😭 pole mdogo wangu. Lakini angalia umeandika aya nzima, ulikuwa unasubiri uulizwe.

Sitaki_Baridi
Ni malalamiko hayo sio stori.

Boda_Arua
Salaam wote. Sisi huku West Nile iko na mvua ya upepo, inakuja na vumbi kwanza alafu maji. Tulikuwa vijana wa msikiti na wa misheni pamoja tumeenda kwa mlima Wati, kambi ya siku tatu kupanda miti. Upepo ukabeba hema la wakubwa mzima mzima likapaa kama kite likaenda kushika kwa mti wa shea, na ndani ilikuwa na suruali ya kiongozi. Akatoka na shuka imefungwa kiunoni anatoa amri "msimame msitari!" Nani atasimama msitari? Watu iko chini wanalia na kicheko.

Lakini nataka niseme moja sio ya kucheka. Radi. Mwaka 2020 huku Arua watoto kumi walikufa, walikuwa wanacheza mpira, mvua ikaja wakakimbilia kibanda. Kibanda hakizuii radi na hema pia haizuii. Sisi tulifundishwa usivae nguo nyekundu, usishike kioo. Nyekundu haina makosa. Makosa ni kusimama chini ya mti mmoja mrefu katikati ya uwanja na kufikiri umejificha.

BabaTwins_Kla
Kweli kabisa. Kwetu Buganda radi ni ya Kiwanuka, wazee wanasema akikasirika hakuna cha kufanya. Mimi na wanangu tunahesabu. Umeme ukimulika anza moja, mbili, tatu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Ukihesabu chini ya thelathini hapo hamna cha hema, ingia nyumba ya ukuta ya maana au ndani ya gari la bati funga vioo, na baada ya ngurumo ya mwisho kaa nusu saa nyingine. Hiyo nusu saa ndo watu wanaikosea, mvua ikipungua tu wanatoka.

MtafutaNjia_Kasese
Happy Sabbath wapendwa, ingawa ni Jumanne 😄 Sisi Wasabato tuna Watafuta Njia, kempu yetu tunaita kamporii, mnakuja maelfu, gwaride, vifundo, mashindano ya kupika. Sisi Kasese tuko chini ya Rwenzori, kwa hiyo mvua ni ndugu wa ukoo.

Kempu ninayoikumbuka mwalimu wetu alikuwa mzee Mkonzo, mkali, alikataa tusimamishe mahema kwenye mchanga mzuri kando ya mto. Mchanga laini, tambarare, mweupe, maji ya kuoga hapohapo. Yeye akatupandisha kwenye mteremko wa mawe ambako ukilala unateleza, asubuhi mnakutana wote chini mlangoni. Tulimchukia siku nzima. Huku kwetu mvua haikunyesha, mchana kutwa jua liliwaka, na bado saa tisa usiku tukasikia mto unanguruma kama lori la mawe, kumbe imenyesha juu mlimani. Asubuhi ule mchanga haupo. Umekwenda. Kuna jiwe kubwa kama friji limekaa pale ambapo mimi nilitaka kuweka hema langu.

Baadaye mwaka 2013 mto Nyamwamba ulipofurika ukavamia mpaka hospitali ya Kilembe, wa kwanza niliyemfikiria ni yule mzee.

Kijana_wa_Busia
Mnafurahisha wazee. Sisi kempu yetu tuliweka mahema ya kisasa ya nailoni, mvua ikaja tukaingia ndani ya basi la shule tukalala. Mwisho.

Mzee_Gambuti
Wanangu hamjambo. Mimi sio mwandishi, huwa nasoma tu humu, lakini hii habari ya kwanza nimeisoma mara mbili na leo nimeshindwa kulala kabla sijaandika. Nilikuwa kiongozi wa skauti Jinja miaka ya sabini na themanini, wakati skafu tunashona wenyewe kwa mapazia.

MtuWaRock, huyo Mukene hakuwaloga.

Kamba ya katani ikilowa haifanyi kama ya nailoni. Nailoni ikilowa inalegea. Katani nyuzi zake zinakunywa maji zinavimba, na kamba ikinenepa lazima iwe fupi. Turubai la pamba nalo likilowa linajikaza. Sasa mmesimamisha hema mchana wa jua, mmekaza kamba mpaka zinalia kama gitaa, mnajisifu. Usiku mvua. Kamba inafupika, turubai linavuta, kitu gani kitaachia? Ni kigingi. Na udongo wa Wanale ukilowa ni uji. Ndo hizo puu puu ulizosikia.

Sisi hiyo ilikuwa sheria. Kabla ya kulala, au ukiona wingu, zunguka mahema yote ulegeze kamba, kila moja kidogo, vidole vitatu hivi. Asubuhi jua likiwaka unakaza tena. Mtoto wa zamu akisahau anaoga tope na wenzake. Huyo kijana alikuwa anafanya kazi ambayo kiongozi wenu alitakiwa kuifanya. Na mahema manne aliyoyalegeza yalisimama. Lile mlilomkataza ndo lilianguka. Umeliandika mwenyewe.

Sijui alifundishwa na nani, lakini hiyo haikuwa kubahatisha.

Mama_Swabra
🙊🙊🙊

Sitaki_Baridi
Na mkamrushia kiatu. Na sufuria akaosha.

BabaTwins_Kla
Mzee shikamoo. Hii sikuijua hata mimi.

Boda_Arua
MtuWaRock jitokeze bana usijifiche.

MtuWaRock
Niko hapa. Nimesoma alichoandika mzee saa sita usiku nikakaa kitandani. Mzee Gambuti asante, shikamoo. Miaka yote nimehadithia hii stori kwenye harusi, kwenye matanga, kazini, mara mia, kila mara nasema alilegeza manne letu likaanguka, nasema kwa mdomo wangu mwenyewe na sijawahi kujisikiliza. Hata "zitakaza" nilikuwa naiigiza kwa sauti yake watu wacheke. Zitakaza! Alisema neno lenyewe!

Nakumbuka sasa, baba yake alikuwa mvuvi Majanji. Mtoto aliyekulia kwenye kamba na mitumbwi. Sisi watoto wa mjini tutamwambia nini kuhusu kamba.

Natafuta namba yake. Kuna jamaa wa Busia anasema yuko Jinja, ana duka la vifaa vya uvuvi.

Kijana_wa_Busia
Mkuu usimpigie, mtumie hela ya soda kwanza 😂

Mzee_Gambuti
Mpigie.

MtuWaRock
Wakuu naleta mrejesho. Nimempigia leo mchana. Kwanza hakunitambua, nikasema ni mimi wa patroli ya Chui, Wanale, akasema "aaah, hema," akacheka kidogo. Nikamwambia kila kitu, kamba, mzee wa humu, nikaomba msamaha, sauti ikanikwama kidogo nisiwadanganye. Akanyamaza. Nasikia dukani kwake mtu anauliza bei ya nyavu, akamjibu yule kwanza, akarudi.

Akasema, "Kwani hamkujua? Mimi nilidhani mnajua ila mnanionea tu."

Nikamuuliza mbona hukueleza. Akasema alieleza, kwa kiongozi, asubuhi ileile, akaambiwa anyamaze aoshe sufuria. Na kwamba kuosha sufuria hakukumuuma sana, yule mama wa kahawa alikuwa anakuja kumsaidia na kumwekea malewa pembeni kila siku, kwa hiyo yeye alikula malewa siku tatu na sisi mara moja. Hapo akacheka kweli.

Kilichomuuma ni kingine. Anasema usiku ule wa mvua kwenye vurugu ya jikoni alipoteza sahani yake, alikuwa amenunuliwa na baba yake soko la Busia siku moja kabla ya safari, akapigwa kurudi nyumbani bila hiyo. Akaniuliza hivihivi kwa utani kama nilimuona nani aliichukua. Nyeupe, ukingo wa bluu, na chini alikuwa amechora mukene na msumari ili isichanganyike na za wengine.

Nimeigeuza sasa hivi hapa kwenye mwanga. Mkia uko huku kushoto. Nilikuwa naishika kichwa chini.